Kanda ya Kaka, Upande wa Pili

Jumanne, 10 Juni

Kaka kaja mchana kazini kwangu, karakana ya miwani. Vumbi la ukuta hadi kwenye kope — yeye ni fundi umeme, leo walikuwa wanatoboa — na salamu zake za kupiga kelele kama yuko uwanjani. "Mama Miwani, lete simu!" Akaniwekea albamu humo. Ile ile! Ya ngazi nyekundu kwenye jalada, ya mwaka tisini na tano. Nyimbo kumi na mbili. Nikamwambia hiyo naijua, redio ilitupigia mpaka basi. Akacheka: unajua mbili tu, zote za upande wa kwanza. Upande wa pili hujausikia, si yule bwana aliufuta kwenye kanda yangu.

Yule bwana! Nikainamia mashine, nikajifanya nasugua lenzi. Nimeisugua mpaka nimeiharibu. Ya mteja wa watu.

Jumatano, 11 Juni

Niandike basi, hakuna anayesoma. Ni mimi niliyefuta.

Nilikuwa na miaka kumi na tatu. Nilituma kadi kwenye kipindi cha salamu cha redio, nikataka kurekodi jina langu likisomwa. Kanda tupu sina. Kaka alishavunja vile vijiplastiki vya juu ili kanda yake isirekodike tena — nikaziba matundu kwa karatasi. Nikachagua upande wa pili kwa sababu zile mbili maarufu ziko ule wa kwanza. Nilidhani huku hakuna kitu!

Kadi yangu haikusomwa. Ikasomwa ya binamu yetu, aliyekuwa anaishi kwetu — ndiye yule bwana. Kaka kusikia jina la binamu linatoka mahali pa magitaa yake, hakuuliza mara mbili. Kofi. Binamu akaapa si yeye. Mimi nimesimama mlangoni na ufagio. Nikaendelea kufagia. Wiki ile ile binamu akahama. Miaka karibu thelathini hawasemezani, hata kwenye msiba wa mama kila mtu alikaa pembe yake. Kofi lile lilikuwa langu.

Alhamisi, 12 Juni

Chakula cha mchana sijala. Nimevaa spika za masikioni, nikaanzia wimbo wa saba. Jamani! Kumbe zile za redio zilikuwa mlango tu, nyumba yenyewe iko huku. Wa nane hauna ngoma mpaka katikati — gitaa moja, mwimbaji anakaribia kunong'ona, mara anakohoa, na kikohozi wamekiacha humo humo. Wa tisa unakwenda pole pole, umechoka, lakini haukai chini. Nusu ya maneno sielewi. Nimerudia mara tatu.

Halafu wa kumi na mbili. Zile salamu ziliisha kabla ya kanda, kwa hiyo mkia wa wimbo huu ulipona — sekunde chache, gitaa linazimika taratibu. Kaka alikuwa anaurudisha kila siku. Nikimcheka: unasikiliza nini hapo, mbu? Leo nimejua ulikotoka. Ni wimbo mzuri kuliko zote, na ndio niliomnyima. Nimelia mbele ya karani wa mapokezi. Nimemwambia ni unga wa lenzi.

Ijumaa, 13 Juni

Kaka kapiga simu. Eti amemsamehe binamu! Umri umekwenda, kanda ni kitu gani bwana, Jumapili anamwalika waisikilize yote mpaka mwisho. Na wewe uje utupikie chai.

Amemsamehe kwa kosa langu! Nikaanza, "Kaka..." Akasema, "Ehe?" Nikasema vyema, nitakuja.

Vyema! Mwoga mkubwa mimi.

Jumapili, 15 Juni

Nimekimbilia jikoni kwa kaka. Daftari juu ya friji, maziwa motoni.

Wamekaa kochi moja. Binamu ana mvi. Kanishika mkono kwa mikono yake yote miwili: hujambo, mdogo wangu? Nilijiapiza nitasema kabla ya upande wa pili. Wa sita ukaisha. Wa saba. Sijasema. Njia ya mwongo fupi, lakini ya mnyamavu je? Yangu imefika huku.

Kwenye wa nane, baada ya kile kikohozi, binamu akasema: nisamehe, ndugu yangu, ulikuwa utoto. Ameomba radhi! Si kosa lake, na ameomba! Kaka akampiga begani, akacheka, kanda nzima uliiua kwa kadi moja? Binamu naye akacheka. Akasema: mbona kadi zilikuwa mbili, mimi ndiye niliyezipeleka posta, yangu na ya huyu mdogo wetu. Yake haikusomwa, maskini. Alilia siku mbili.

Sijui limemponyoka au alijua miaka yote. Hakunitazama. Nikasema naangalia maziwa.

Kaka hacheki tena. Amepunguza sauti — kaka, kuipunguzia sauti albamu hii! Ananiita. Si Mama Miwani. Kwa jina langu, lile la nyumbani, lile la kwenye kadi.

Maziwa yamefurika, yamezima moto. Nimesema nakuja. Ananiita tena. Nimesema nakuja, kaka, nakuja —