Sahani ya Tatu

Baba,

Nianze na habari ambayo ungeiuliza hata kabla ya kuitikia salamu: Muzee yuko mzima. Amewaka. Amelima shamba lote la mteremkoni, toka kwenye mikaratusi mpaka mpakani kwa Mama Kahindo, na magurudumu yake ya mbele hayakuacha ardhi hata mara moja. Mama naye ni mzima, anakusalimu. Haya, sasa vuta pumzi, nikueleze yote.

Misimu yote toka tukuzike tumelima kwa mikono. Unajua kwa nini, maana ni wewe uliyemfungua Muzee kipande kwa kipande vita vya kwanza vilipofika Musienene. Askari walikuwa wakichukua chochote chenye magurudumu, na wewe ukaigawa trakta yako kwa majirani kama mtu anayegawa nyama ya sikukuu. Katekista alipata gurudumu moja kubwa, akaligeuza kiti cha wageni. Pampu ya kusukumia mazutu kwenye injini uliiviringisha katika kitenge cha Mama ukaizika ndani ya mtungi wa unga. Mwili ukabaki kwenye zizi la mbuzi juu ya mawe, umefunikwa mabua ya mahindi. Kisha vita vya pili vikaja, ukaugua, ukaondoka kabla hujamuunganisha.

Mwaka huu askari waliopiga kambi kilimani walihama. Nilingoja wiki mbili niamini, halafu nikaanza kupita nyumba kwa nyumba. Watu ni wazuri, Baba. Kuna waliokimbilia msituni bila sufuria, lakini kipande chako walikificha kwanza. Kila aliyenirudishia kitu nilimwahidi kwamba Muzee atamlimia msimu huu. Niliahidi kwa furaha, bila kufikiri, na baadaye ahadi hizo zilininyima usingizi.

Maana kila kitu kilirudi ila kimoja. Jembe lako la trakta lilirudi na sahani mbili za kugeuzia udongo. Ya tatu hakuna aliyeiona.

Baba mdogo Paluku aliitisha kikao cha ukoo, unamjua. Akasimama, akakohoa, akasema: "Trakta ya yaya yangu, mukubwa wangu, ilikuwa nalima na sahani tatu. Tutalima na tatu. Masika aende Butembo akatafute ingine." Wote wakaitikia. Mama peke yake alitazama chini. Mimi nilinyamaza, kwa sababu ningefungua mdomo ningesema jambo ambalo sikuwahi kukuambia ukiwa hai.

Nakuambia leo. Sahani tatu zilikuwa nyingi mno kwa Muzee. Ulijua na mimi nilijua. Kila tulipopanda mteremko pua yake iliinuka. Mtu mwingine angepunguza mzigo wa nyuma, lakini wewe uliongeza wa mbele. Mama alikaa juu ya pua ya trakta, chini yake mfuko wa majani makavu, mkono umeshika taa ya mbele. Udongo ukilowa, uliniongeza na mimi. Siku moja uliwapandisha hata wanakwaya wawili waliokuwa wakipita zao kwenda mazoezi, nao wakaimba njia nzima kwa woga. Watu walicheka, wewe ukacheka kuliko wote, na wimbo wako ulikuwa ule ule: "Udongo uko muzito leo." Leo, kesho, miaka saba, udongo ulikuwa mzito leo!

Halafu ile siku pua iliporuka, Mama akaanguka kwenye matuta ya maharagwe. Ulizima injini ukashuka. Ulivua kofia ukaishika kwa mikono miwili. Mama aliinuka akajipangusa, akacheka ili wewe usilie. Nilisimama pale nikingoja useme neno. Ukasema, "Udongo uko muzito leo." Nilikuwa na miaka kumi na minne, Baba, na nilikukasirikia sana. Hasira hiyo niliibeba mpaka kwenye kaburi lako, chini ya maua.

Basi nikaenda Butembo. Sahani niliipata asubuhi ile ile, kwenye depo moja ya vyuma nyuma ya soko, mpya, inang'aa, matundu yake yanalingana kabisa na jembe letu. Mwenye depo alikuwa mzee wa kuchomelea vyuma, miwani yake imefungwa kwa waya. Nilianza kumsifia Muzee kama ulivyomsifia wewe, nguvu zake, kazi alizofanya kwenye shamba la kahawa kule Beni kabla hujamleta kwetu. Akanikatiza: "Mwanangu, hapana niambia vile ilikuwaka. Niambia vile iko."

Nikamwambia vile iko. Kwamba klachi inateleza. Kwamba mikono ya nyuma ya kuinulia inabeba, lakini inatetemeka kama mlevi. Kwamba matairi ya nyuma yamelika, yamebaki laini. Akaniuliza kama shamba ni la tambarare, nikacheka. Akaniuliza gia zikivunjika nitapata wapi nyingine, na barabara ya mpakani inayoleta vipuri inafunguliwa wiki hii, inafungwa wiki ijayo. Hapo sikucheka. Nilizifikiria zile nyumba zote nilizoahidi. Muzee akivunjika mara moja tu, ndiyo basi, na wote waliomficha miaka yote ile wangekuwa wamemfichia kutu.

Akanivuta kwenye kona akanionyesha chuma kimoja kisicho na rangi: fremu nyepesi yenye meno matano yaliyopinda. Hakigeuzi udongo, kinaukwaruza na kuupasua tu. Trakta yenye miaka mingi inakivuta bila kuinua pua, akasema, na kwenye mteremko udongo unabaki nyumbani, hautupwi bondeni. Nilishika sahani kwa mkono huu na jino kwa mkono ule. Sitakuficha, niliona aibu. Niliona ni kama nitakwenda kuitangazia Musienene yote kwamba Baba yangu alikosea. Kisha nikaiweka sahani chini.

Meno yalipanda kwa chukudu, na wewe unajua chukudu za Butembo, baiskeli ya mbao inayobeba mpaka nyumba. Kwenye kizuizi askari mmoja akayagonga kwa kiatu, akauliza kwa Kilingala: "Oyo eza nini?" Nikamwambia ni ya kukwangua udongo. Akaona ni takataka, akatupisha. Ile sahani inayong'aa isingevuka pale, naapa.

Nyumbani nilipokelewa na Baba mdogo Paluku. Aliyazunguka meno mara mbili. "Tulikutuma sahani, unatuletea fourchette, uma ya chakula? Unataka kulima ao unataka kukula?" Watu wakacheka mpaka majirani wakatoka.

Siku ya kulima, Baba, Mama alikuja na mfuko wake wa majani. Hakuna aliyemwita. Alikuja tu, akasimama karibu na taa, akingoja nimpandishe. Nilimwambia, "Mama, leo hapana. Kaa chini." Akanitazama kana kwamba sielewi kazi. Nikatia gia. Muzee akaguna, moshi wake ukatoka mweupe, pua ikabaki ilipo. Nikapanda mteremko mpaka juu. Nilipogeuka nilimwona Mama anatembea nyuma yangu kwenye mistari, ameweka mfuko kichwani, analia na kucheka pamoja. Nilishuka nikamkumbatia, na Muzee akiwaka.

Magugu hayakufunikwa vizuri, huo ni ukweli. Tuliyatoa kwa mikono siku tatu, na Paluku hakukosa la kusema. Lakini naye ameomba alimiwe.

Jioni ya siku ile ya kulima Mama Kahindo alipanda kutoka kwake. Miaka yote jembe lako lilikuwa likimtupia udongo wetu, nusu ya shamba letu iko bondeni kwake, nikadhani anakuja kulalamika kwamba safari hii hajapata. Alikuwa ameshika sahani ya tatu, imeshikwa kutu, tundu lake la katikati limezibwa kwa kijiti. Kuku wake walikuwa wakinywea maji humo. "Papa Masika aliniletea ye mwenyewe, tayari alikuwa mugonjwa," akasema. "Aliniambia: 'Uichunge, na Paluku asiione. Ni hii iliangushaka bibi yangu, mama ya Masika.'" Nikamuuliza kwa nini hakusema kitu. Akasema aliambiwa aichunge, hakuambiwa aitangaze.

Kwa hiyo ulijua. Uliifungua mwenyewe, na homa yako, ukaibeba mpaka bondeni. Ulishindwa tu kutuambia. Baba, sijui kama kuna mzigo nimewahi kuutua nikasikia wepesi namna hii. Nilikuwa nimekupinga usiku na mchana moyoni, kumbe tulikuwa upande mmoja.

Mama aliipokea ile sahani, akaigeuza, akapitisha kidole kwenye ukingo. Nilidhani ataitupa. Akaenda kuchota maji, akaijaza, akamrudishia Mama Kahindo kwa mikono miwili na kumwambia kuku wasikose maji. Halafu akasema "Wasingya," asante, nami nilijua hamshukuru Mama Kahindo peke yake.

Nakuahidi mambo mawili. Maadamu mimi ndiye nashika usukani, hakuna mtu atakayekaa juu ya pua ya Muzee. Na siku nitakapokosea, maana nitakosea, nitasema siku hiyo hiyo, mbele ya watu, hata mbele ya Paluku.

Kwaheri, Baba. Nimelima shamba zima nikiuangalia udongo wetu kwa karibu. Si mzito. Lala humo bila wasiwasi.

Binti yako,
Masika