Mzizi wa Gasana na Vidonge vya Mama

Kabuga, Kigali
9 Machi 2025

Mpendwa Kaka Gasana,

Habari za Guangzhou? Unakula vizuri, au bado unapigana na vijiti mezani? Huku tuko salama, isipokuwa Mama, na ndiye anayenipasua kichwa. Barua hii naituma kwa picha ya simu, maana kila nikikupigia ananinyang'anya simu akusalimie yeye.

Ujue mimi sasa ni mtu wa maabara, kule Masoro. Ndiyo, mimi huyu niliyekimbia sekondari. Naosha chupa na kusaga mizizi, lakini nisiposaga, wenye digrii wanabaki kutazamana.

Ule mzizi wa Kichina uliomtumia Mama ulimtuliza magoti, akausifu mpaka kanisani. Kisha tumbo likaanza kumkata, choo kikawa cheusi. Nikachota unga wa mzizi huo kwenye kopo lake, nikampelekea bosi wangu Ingrid.

Sikiliza ujifunze. Unga tunaulowesha kwenye spiriti, tunachuja, tunadondosha tone upande wa chini wa kibao chembamba, tunakisimamisha kwenye spiriti kidogo. Spiriti inapanda, kila kemikali inapanda nayo na kusimama mahali pake. Tukamulika kwa taa: doa moja limesimama sawasawa na la kidonge cha maumivu cha hospitali. Nikatangazia maabara nzima kwamba ndugu yangu katapeliwa.

Ingrid akataka pakiti ya mzizi wako ambayo haijafunguliwa. Tukapima. Madoa ya mzizi yapo, ingawa lipi linatibu goti hatujajua bado. La kidonge halipo. Cheka tu.

Nikamuuliza Mama. Hakuona hata haya. Vidonge vya maumivu alivyopewa na daktari, vya kumeza kimoja kimoja, anavitwanga vyote na kuvimwaga kwenye kopo la mzizi wako, halafu anakunywa kutwa.

"Mwanangu ametuma dawa toka mbali," akaniambia, "majirani waseme haina nguvu?"

Nimemweleza kwamba vidonge vingi hivyo vinaleta vidonda vya tumbo, na choo cheusi ni damu, nimemchorea hata lile doa. Anasema muosha chupa asimfundishe. Nilificha kopo, akajaza lingine. Hospitali hataki, anaogopa wataulizia vidonge.

Kwa hiyo mpigie wewe, kifungua mimba wake. Mwambie dawa yako imeshindwa, aimwage, aende hospitali leo. Najua ulihangaika kuitafuta na itakuuma kusema hivyo. Sema hivyohivyo. Anatokwa damu kwa kulinda jina lako.

Dada Alida na Shangazi Mukankusi wanakusalimu. Mungu akufunike huko uliko.

Wako akupendaye, ingawa umenichosha,
Audace