Boga Alilobeba Marigu

Karurumo, Jumapili alasiri

Mvua imenyesha tangu kabla ya kanisa na bado haijakatika. Nimekaa kitandani, blanketi miguuni, kwa sababu paa linavuja upande wa meza. Chai imepoa. Sina hamu nayo.

Nataka kuyaandika ya wiki hii yakiwa bado yananiuma. Najijua. Nikikaa nayo sana nitaanza kuyapunguza makali.

Jumatatu lori la ofisi ya Embu liliniletea boksi la vitabu vya mapishi. Vilikuwa vipya kabisa, vya Kiswahili, na vya aina mbili. Cha majira ya mvua kina jalada la kijani, cha kiangazi kina jalada la rangi ya udongo. Kazi yangu hapa ni kuwafundisha wanawake wa kijiji kipya mapishi na usafi wa nyumba. Kijiji kipya ni jina la ofisini. Watu wenyewe hawakiiti kitu. Walitolewa kwenye miji yao ya mabondeni Imajensi, hali ya hatari ya serikali, ilipokaza, nyumba zao zikabomolewa nyuma yao, na sasa wanaishi kibanda kwa kibanda ndani ya ua wa miti iliyochongwa ncha, na lango moja la kuingilia na kutokea.

Nikiri kwamba nilifurahi kama mtoto. Vitabu nilivyokuwa nikipewa awali vilifundisha keki, na huku hakuna mtu mwenye jiko la kuoka. Hivi vilifuata ardhi yetu. Cha mvua kilianza na boga, majani ya kunde, mahindi mabichi, maharagwe ambayo bado hayajakauka. Cha kiangazi kilikuwa na kunde kavu, viazi vitamu na ndizi mbichi za kukatwa na kuanikwa. Mama yangu kule kwetu Nkubu, Meru, hupika hivyo bila kuambiwa na mtu, lakini sikuwahi kuona mtu ameyaandika, na picha za kuchorwa juu yake. Nilisoma kitabu cha mvua mpaka ugali wangu ukaungua.

Jumanne nilijaribu boga. Unalichemsha na ganda lake mpaka liwe laini, unakwangua nyama ya ndani, unaiponda na maziwa, kisha unapiga yai na kulichanganya polepole juu ya moto mdogo bila kuacha kukoroga. Kitabu kilitaka kungumanga. Mwenye duka hapa sokoni, mzee wa Kiislamu ambaye huniita binti yake, alisema hajaiona kungumanga tangu barabara zianze kufungwa. Akaingia ndani kwa mkewe akanitolea iliki kidogo katika karatasi.

Nilikula nimesimama, moja kwa moja kutoka kwenye sufuria. Kwa muda huo nilisahau niko wapi.

Ndipo nikakumbuka wanawake wangu. Asubuhi yote wanachimba handaki la ukingoni mwa msitu. Mchana wanafunguliwa lango kwenda shambani, homugadi, wale askari wa serikali wa huku huku, wakiwa wamesimama juu yao na bunduki, na kabla mtu hajajaza kikapu filimbi inapigwa. Mahindi mengi yanaozea shambani. Kitabu kinasema mboga zichumwe asubuhi, umande ukiwa bado juu yake. Alhamisi niliwasomea ukurasa huo kwa sauti. Hakuna aliyecheka. Mmoja tu aliniuliza kama aliyeandika amewahi kufika huku.

Somo tunalifanyia katika banda la kando ya kituo cha homugadi, nje ya lango. Ofisi hunipa vyakula vya kuonyeshea, na sharti ni moja: kilichopikwa kiliwe papo hapo, asibebe mtu hata kijiko. Wanasema chakula kinatoka vibandani kwenda kwa watu wa msituni wanaopigana na serikali. Pengine ni kweli. Mimi sijui, na nimejizoeza kutouliza.

Kulikuwa na Marigu. Ni mwanamke mrefu, mkimya, mkubwa kwangu kwa miaka kadhaa. Mume wake alipotea kabla ya kijiji hiki kujengwa. Wengine husema yuko msituni, wengine husema alishikwa Nairobi. Yeye mwenyewe hasemi. Anaishi na mama wa huyo mume, Cucu Rwamba, bibi ambaye macho yake yamekufa na meno yamekwisha.

Alhamisi hiyo, tulipogawana boga tulilopika, Marigu hakula. Alishika kikombe chake cha bati, akangoja wenzake wainame kwenye vyao, akanisogelea.

"Mwalimu, hii ni laini. Mama anaweza kuimeza."

"Anakula nini siku hizi?"

"Mahindi ya kuchemsha. Hayawezi. Huwa namtafunia, lakini sasa anakataa. Anaona aibu."

Nilijua sharti. Nilichukua kikombe chake nikakijaza mpaka juu, nikakifunika kwa jani la mgomba, nikamrudishia. Akakiingiza chini ya shuka.

Walimpekua langoni. Kwa kawaida hawawapekui wanaotoka somoni, lakini siku hiyo walikuwa wakimpekua kila mtu. Nilikuwa naosha sufuria niliposikia wanawake wamenyamaza wote kwa pamoja. Nikatoka mbio na mikono yenye povu.

Kopla Nyaga alikuwa amekishika kile kikombe. Huyu si mtu wa kupiga watu ovyo. Ni Mwembu wa huku huku, hunisalimu vizuri, na mke wake huja somoni.

"Nimempa mimi," nilimwambia.

"Ale au abebe?"

"Abebe. Ni cha mama mkwe wake. Hana meno."

Alifunua jani la mgomba akachungulia ndani. "Mwalimu, wewe umetoka Meru, umekuja juzi. Mume wa huyu tunamtafuta. Kila anayekamatwa na chakula husema ni cha mgonjwa."

"Basi twende tukamwulize huyo mama."

Ni mimi niliyesema hivyo. Na aliponikubalia nilishukuru moyoni, nikaona mambo yamekwisha.

Tukaingia kijijini, kopla mbele, Marigu katikati amefungwa mikono, askari mwingine nyuma, mimi mwishoni. Kibanda chao ni cha tatu kutoka langoni. Cucu Rwamba alikuwa ameketi kando ya mafiga yasiyo na moto, khanga imemfunika mpaka kichwani. Aliposikia viatu alikaa wima.

Kopla alimwuliza kwa Kiembu. Kiembu kiko karibu na Kimeru chetu, kwa hiyo sikupoteza neno hata moja.

"Cucu, nani hukuletea chakula?"

Nilifungua mdomo. Kopla akainua mkono. "Usimwonyeshe la kusema, mwalimu."

"Hakuna," alisema Cucu Rwamba.

"Marigu hakuletei?"

"Anitolee wapi? Marigu hana chakula. Hapa hapatoki chakula wala hapaingii."

Alisema bila kusita, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kulisema jambo hilo mara nyingi. Hapo ndipo nilipoelewa. Waliwahi kumjia na swali kama hilo juu ya mwanawe. Alijifunza kwamba jibu la kumwokoa mtu wa nyumba hii ni moja tu: chakula hakuna, hatujakiona, hatujui. Alikuwa anamlinda Marigu kwa njia pekee aliyoijua.

Kopla Nyaga aliuliza tena, polepole zaidi. Naamini alitaka kumpa bibi nafasi.

"Fikiri vizuri, Cucu. Hata leo hukuwa unangoja Marigu akuletee kitu laini cha kula?"

"Simngoji mtu. Mimi nimeshiba."

Nilimtazama Marigu. Alikuwa amesimama mlangoni. Nilidhani angepaza sauti, angesema mama, waambie ndiyo. Hakusema. Alimtazama tu yule bibi aliyekaa wima gizani, na uso wake haukuwa na hasira. Tulipotoka nje alinigeukia.

"Asiambiwe, mwalimu," alisema. "Ukimwambia hatakula tena."

Ijumaa asubuhi lori lilimchukua. Nikaomba pasi ya kusafiri nikalifuata Embu, nikangoja kwenye benchi nje ya ofisi ya Bwana Shauri, mkubwa wa wilaya, mpaka adhuhuri. Hakunipokea. Aliyenipokea ni yule Memsabu anayesimamia masomo yetu. Hakunifokea. Alisema maneno yangu yamesikika, lakini bibi mwenyewe amekana mbele ya askari, na mume anajulikana, basi Marigu atapelekwa kambi ya kizuizini. Ni kambi ipi, hajui. Mpaka lini, hajui. Mimi nimeonywa, na nikirudia nitarudishwa Nkubu.

Kisha akaniuliza, kwa upole kabisa, kama wanawake wamevipenda vitabu.

Nilisema ndiyo.

Sijui kwa nini nilisema ndiyo. Nadhani ni kwa sababu ilikuwa kweli. Waliponusa ile iliki walisukumana kuangalia ndani ya sufuria, wakaanza kubishana boga la nani lilikuwa tamu zaidi huko walikotoka, na kwa muda kidogo walikuwa wanawake wa kawaida jikoni. Marigu naye alisema lake. Alisema la kwao lilipandwa kando ya zizi, na mizabibu yake ilipanda mpaka juu ya paa.

Naona nimeandika mizabibu. Nilitaka kusema ile mikono ya mboga inayotambaa. Sitafuta, mkono wangu umechoka.

Jana nilipika boga tena kwa ukurasa ule ule. Niliona haya kukifungua kitabu, kana kwamba nimeyasahau ya Alhamisi. Nikaweka chakula katika kisufuria kidogo, nikaenda nacho langoni, sikukificha. Kopla Nyaga alikuwepo. Alikitazama kifuniko, akanitazama mimi.

"Unakwenda kwa nani?"

"Unajua ninakokwenda."

Akafungua lango. Nilipompita alisema kwa sauti ya chini, "Nilimwuliza mara mbili, mwalimu. Ulinisikia." Nikaendelea kutembea. Nilimsikia, na sijui ni nini alichotaka nimwambie.

Jirani mmoja alikuwa amemwashia Cucu Rwamba moto. Nilijitambulisha, nikasema mimi ndiye mwalimu wa mapishi. Akanyoosha mkono akanigusa uso, kidevu kwanza, halafu paji.

"Wewe ni mtoto," alisema. "Marigu wamempeleka wapi?"

"Embu, Cucu. Wana maswali."

"Maswali yao hayaishi. Watamwachilia. Hawana kitu cha kumshikia."

Nilimpa kijiko cha kwanza. Alikizungusha mdomoni muda mrefu, akameza, akafungua mdomo tena. Alikula karibu chote. Katikati aliacha, akanishika mkono ulioshika kijiko.

"Uliwasikia walipokuja? Ulikuwepo?"

"Nilikuwepo."

"Nilijibu vizuri, sivyo?"

Moto ulikuwa unafuka moshi, na nilishukuru kwa huo moshi, ingawa yeye hakuwa na macho ya kuniona.

"Ulijibu vizuri, Cucu."

Akaniachia mkono, akala kilichobaki.

Leo baada ya kanisa nimekwenda tena, kabla mvua haijazidi. Alikuwa ananingoja, alijua ni mimi kwa hatua zangu. Amekula, amenisimulia jinsi mwanawe alivyomleta Marigu nyumbani mara ya kwanza, na jinsi Marigu alivyomwaga maziwa siku hiyo kwa woga. Amecheka akisimulia. Kisha akaniuliza swali lile lile, kwa maneno yale yale, nami nikamjibu vile vile.

Nimefikiri sana kuhusu ahadi ambayo sikuitamka. Marigu aliniambia asiambiwe, na mimi sikusema ndiyo wala hapana, lakini jibu la jana lilikuwa ndiyo. Siku moja jirani atamwambia, kwa uchungu au kwa kuteleza. Au Marigu atarudi na kumweleza mwenyewe, na hilo ndilo ninaloliombea. Ila kabla ya siku hiyo yule bibi lazima ale, na mimi ndiye ninayejua kumpikia kitu anachoweza kumeza.

Kesho nitamwomba kopla ruhusa ya kulala katika kile kibanda mpaka Marigu arudi. Nitachukua blanketi langu, jiko na sufuria. Memsabu akisikia pengine atanirudisha Nkubu, lakini sitamwuliza yeye kwanza.

Namwogopa zaidi Cucu Rwamba kuliko ofisi. Kila nitakapomlisha ataniuliza kama alijibu vizuri. Nitakuwa nimeshika kijiko, atakuwa amefungua mdomo, na itanibidi nimwambie ndiyo.