Jina la Hamisi Katikati ya Wimbo

Jumatatu, 5 Agosti 1974
Bendi iliyompoteza mpiga solo wake haina haki ya kurudi kwa jina lake la zamani. Nimelisema hilo leo barazani kwa fundi cherehani, mtaani kwetu Kanyenye, kama nisemavyo kila jioni, na nitalitetea. Miaka sita ya ukimya. Sasa wamekwenda Dar es Salaam kurekodi nyimbo mpya bila kaka yangu Hamisi, mpiga gitaa la solo. Fundi akasema Chuo Kikuu kimenifundisha kugombana hata na gitaa. Baraza zima likacheka. Mimi sikucheka.

Jumatano, 7 Agosti
Wimbo wa kwanza umesikika redioni. Kabla ya solo, mwimbaji wao, Ramadhani, akaita kama enzi zile: "Hamisi, waambie!" Gitaa likajibu. Si lake. Hamisi huchelewa kidogo, kama mtu anayefikiri. Huyu anakimbia.
Mama hakusikia gitaa. Alisikia jina. Tangu bendi ilipovunjika na Hamisi akapanda treni ya Kigoma, hatujapata hata salamu. Amelia kwa furaha. Mimi, bingwa wa hoja, nikashindwa kumwambia kuwa anayepiga si Hamisi. Woga mtupu.

Ijumaa, 9 Agosti
Bendi inarudi kesho. Mama ametandika kitanda cha Hamisi na kununua jogoo mtaa wa Ng'ambo. Nilianza kumweleza. Akaniuliza kama pilipili manga imebaki.

Jumamosi, 10 Agosti
Stesheni. Walishuka wote; nyuma yao kijana nisiyemjua, gitaa begani. Mama aliendelea kutazama mlango wa behewa.
Ramadhani alimwamkia, akainamisha kichwa. "Mama, mdomo umezoea. Nikifika pale, jina linatoka lenyewe." Akaahidi kuomba warekodi upya, jina liondolewe. Nilikuwa tayari kumshambulia. Mama akanitangulia.
"Redio hiyo inasikika Kigoma?"
"Nchi nzima, mama."
"Basi msiliondoe. Aendelee kuitwa."

Jumapili, 11 Agosti
Jogoo ameliwa na bendi, Mama akiwapakulia. Yule kijana alikula kwa haya, nikamwongezea nyama. Kitanda bado kimetandikwa.
Hoja yangu sijaifuta. Bendi hii si ile. Lakini leo wimbo ulipopigwa tena, nami nilisubiri, pale baada ya jina, nikitamani gitaa lichelewe kidogo.
Hamisi, umeitwa mbele ya nchi nzima. Hata ukituandikia barua ya siri, haitatosha. Jibu kwa gitaa, mbele ya nchi nzima.