Vizibo Viwili kwa Kila Shina

Kalenga, Iringa
12 Februari

Mwanangu Yusta,

Mahindi yamefika kiunoni. Mama yako ameshafua shali la kumpokelea mjukuu.

Uliniambia kuwa kwa modeli yako ya kompyuta kisima chetu ni salama. Modeli hufuata takwimu inazopewa, nami nilikupa takwimu mbaya. Nilikuandikia kizibo kimoja cha soda cha mbolea ya urea kwa kila shina. Jana nilimkuta mama yako akitia viwili.

“Tangu mwaka juzi,” akasema. “Mwalimu, wewe kazi yako kuandika. Anayeinama ni mimi.”

Mahindi hayamalizi mbolea yote hiyo. Naitrojeni inayobaki hushuka na maji ya mvua, na kisima kiko chini ya shamba. Kuchemsha hakuiondoi. Mtoto mchanga akikorogewa maziwa ya kopo kwa maji ya namna hiyo, damu yake inaweza kushindwa kubeba hewa. Wewe ndiye uliyenieleza.

Basi Jumapili usimlete mjukuu wetu Ambrosi. Njoo peke yako na vifaa vya kupimia maji.

Mama yako bado anawasubiri wote wawili. Nimekaa naye tangu asubuhi, sijamwambia.

Ni mimi baba yako,
Rabson