Upande wa Kulia wa Ubao

Jumatano, 9 Julai 2025

Godlisten kapiga simu toka Dar. Habari yangu ya maji haitoki. Ya tatu mwaka huu. "Da Anastasia, wasomaji wamechoka na halmashauri. Niletee kitu cha kuchekesha cha Jumamosi. Maneno mia nne, picha moja." Mhariri wangu ana miaka thelathini na mmoja. Nimekubali.

Nimekwenda kwa Mwalimu Severini. Alinifundisha Kiingereza shule ya Kinole, darasa la tano. Alistaafu serikalini, sasa yuko kwa mkataba shule moja binafsi, Kihonda, hapa Morogoro. Mjukuu wake Witness yuko darasa la saba hapohapo. Anasoma bila ada kwa kuwa babu ni mwalimu. Mtihani wa taifa ni Septemba.

Nimekaa dawati la nyuma. Dakika arobaini, maneno kumi na sita. Kwanza kaugawa ubao kwa mstari wa chaki. Kushoto Kiingereza cha zamani, kulia cha leo. "Fortnight" — huku "two weeks". "Spectacles" — huku "glasses". "Looking-glass" — huku "mirror". "Thrice", "whilst", "perambulator", yaani kigari cha kusukumia mtoto mchanga. Kila neno na mwenzake.

"Ya kushoto mtakutana nayo vitabuni, msiyakimbie. Mkiandika, andikeni ya kulia. Anayechanganya namkata maksi."

Kijana mmoja kauliza: "Sir, nani anasema hivi siku hizi?"

"Mimi."

Darasa likacheka. Nami nikacheka. Nikaandika, nikapiga na picha.

Alhamisi, 10 Julai

Nimeandika asubuhi. Maneno 463. Yanatakiwa 400.

Nimekata aya mbili. Ya kwanza: ule mstari wa chaki na maneno ya kulia. Ya pili: mwaka jana hakuna mwanafunzi wake aliyepata chini ya B. Zote mbili zinaua utani.

Picha ilikuwa pana, wao wanataka nyembamba. Nimeikata kwa simu. Kabaki Mwalimu na upande wa kushoto wa ubao. Inapendeza. Kazi ya dakika tano.

Jumamosi, 12 Julai

Imetoka. Ukurasa wa kumi na moja. Kichwa ni cha Godlisten: "Mwalimu wa Moro na Kiingereza cha marehemu". Mimi nilikuwa na kingine. Sikupiga simu kulalamika.

Jumatatu, 14 Julai

Picha inatembea WhatsApp. Jirani yangu ana mtoto pale, kanionyesha kundi la wazazi. Mmoja: tunalipa ada mtoto aje aseme "perambulator"? Mwingine: huyo babu anawafundisha wajukuu wa gavana wa Mwingereza. Vicheko sabini na kitu. Wa tatu kauliza mkurugenzi anasemaje. Baada ya hapo hakuna aliyecheka.

Jumatano, 16 Julai

Castory, mkuu wa taaluma pale shuleni, kanipigia mwenyewe. Mkataba wa Mwalimu umesitishwa toka jana. Witness anaruhusiwa mpaka mwisho wa mwezi, baada ya hapo alipiwe kama wengine au aondoke. Kasema hivyo kwa sauti ya mtu anayesoma ratiba.

"Tunashukuru kwa habari yako, dada. Imetusaidia. Sisi hatukuwa tunajua."

Nikamuuliza kama amewahi kuingia darasani kwake.

"Nimeona picha."

Nikamwambia kulia kwa ubao kulikuwa na maneno ya leo, yote kumi na sita.

"Kwenye picha hayapo."

"Picha ilikatwa."

"Ilikatwa na nani?"

Nikamwambia. Akasema wazazi wameshatulia, na mkurugenzi harudi nyuma. Akanitakia kazi njema.

Ijumaa, 18 Julai

Nimemwomba Godlisten nafasi ya masahihisho. Kaniuliza kosa liko sentensi ipi. Nimeisoma habari yangu mara tatu tena. Maneno ni ya kweli, majina yameandikwa sawasawa, umri ni sahihi, alichosema ndicho alichosema. Hakuna sentensi ya uongo.

"Sasa nisahihishe nini, Da Anastasia?"

Nikasema basi tutoe picha nzima. Kasema hiyo si habari. Angekuwa mtu mwingine kaniletea ombi hilo, ningemjibu hivyohivyo. Nimewajibu watu hivyo miaka ishirini na sita.

Jumanne, 22 Julai

Mwalimu kaja nyumbani saa tatu asubuhi. Suti ya kijivu, bahasha ya kaki. Shikamoo Mwalimu. Marahaba, mwanangu. Hakutaka chai.

Katoa kipande cha gazeti. Kakipeleka stesheneri kikafunikwa plastiki ngumu. Ana nakala sita. Anaziambatanisha na barua za maombi, shule sita za hapa mjini. Tatu ameshapeleka!

"Picha imetoka vizuri. Upande mmoja haukuingia, lakini najua gazeti halina nafasi."

Simu yake ni kitochi, haina WhatsApp. Hajaona kundi lolote. Mkurugenzi kamwambia tu kwamba ni umri.

Kanipa barua niipitie. Kiingereza safi, hakuna kosa. Mwishoni: "I have the honour to be, Sir, your obedient servant." Kaniuliza kama hiyo ni ya kushoto. Nikasema ndiyo. Akacheka, akatoa kalamu, akaikata sentensi hiyo, akaandika "Yours faithfully". Kasema anayechanganya anakatwa maksi.

Kisha akasema lililomleta.

"Umri waliujua toka siku ya kwanza. Kuna mtu kaniharibia pale. Wewe kazi yako ni kuuliza watu. Niulizie ni nani. Simtafuti ugomvi, nataka nikamweleze, amwache Witness amalize."

Ningeweza kusema palepale. Nilifungua daftari nikaandika tarehe na swali lake, kama ninavyofanya kwa kila mtu. Akatazama nikiandika, akaridhika. Anarudi Alhamisi.

Alhamisi, 24 Julai

Nimechapisha picha nzima, pande zote mbili. Iko mezani.

Saa tatu kasoro tano. Geti limegongwa. Nasikia Mwalimu anamwambia mtu amsalimie mwandishi vizuri, ndiye anayetusaidia. Kaja na Witness.