Pengo Katikati ya Wimbo

Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo. Wanaokuona sokoni Mariakani huniambia u mzima, na kwamba bado hupokei simu yoyote inayotoka nyumbani Vitengeni. Ndiyo maana nakuandikia hadharani. Usiposoma wewe atasoma jirani yako, naye simdhanii kunyamaza.

Nimeambiwa pia kuna mtu alikusikilizisha wimbo wetu kwenye simu yake, ukauliza kama hiyo ni bendi au ni watu wanaohama nyumba. Nilicheka sana. Halafu nikatamani kukujibu, kwa sababu jibu unalo wewe mwenyewe.

Unakumbuka siku tuliyomzika Babu? Baba, kaka yako, alisimama na kwaya yake upande wa jikoni, wakaanza wimbo wa kanisa, wa polepole. Wewe na kina mama wa mji mkashika kayamba upande wa kaburi, mkaanza nyimbo za wazee. Kila upande ulingoja mwenzake amalize, na hakuna aliyekubali kumaliza. Mimi nilikuwa katikati na sinia la vikombe, kwa hiyo sikuweza hata kuziba masikio. Mwanzoni nilisikia vurugu tu. Kisha kayamba zenu zikaingia pale kwaya inapovuta pumzi, na kwaya ikaingia pale mnapopokezana, nikasikia wimbo wa tatu ambao hakuna aliyekuwa akiuimba. Nilisimama hadi chai ikapoa. Ulinikumbusha kwa upole kwamba watu wana kiu.

Muda si mrefu Baba akaja akakwambia mbele ya mchungaji, "Kelele zako zipeleke kwingine." Ukajifunga leso, ukaondoka, na hujakanyaga uani kwetu tangu siku hiyo. Niliumia, na hadi leo naumia.

Sasa nina bendi, mimi na wenzangu wawili. Gitaa letu tumelegeza nyuzi makusudi. Kayamba mara naitikisa ulivyonifunza, mara naikwaruza kwa kucha. Tumerekodi mashine ya kusaga unga ya pale kituoni, nayo tunaiimbia. Tulipopiga kwenye hoteli moja ya Bofa, mama mmoja alitusikiliza kwa adabu, nyimbo mbili nzima, kisha akauliza tutamaliza lini kujaribu vyombo tuanze. Simlaumu. Wimbo wa kawaida humshika mtu mkono, anajua wapi pa kupiga makofi. Wetu unamwacha njiani atafute mwenyewe, na sikio likikosa kile ambacho lilikuwa likikingoja, husema kimeharibika.

Lakini kinachowashangaza zaidi ni pengo. Katika wimbo wetu mkubwa naimba ubeti wa kwaya ya Baba, kisha sote tunanyamaza ghafla, muda mrefu. Siku ile ya Bofa fundi wa hoteli alikurupuka kwenda kukagua nyaya. Nyaya zilikuwa nzima, Shangazi. Pale ndipo ulipokuwa ukiingia wewe. Wenzangu walitaka niimbe sehemu yako, nikakataa. Sauti yako haiigiki, na nikiijaza mimi nitakuwa nimekubali kwamba hutarudi.

Juzi tulifanyia mazoezi uani. Baba alikuwa kibarazani akipukuchua mahindi, akijifanya hatusikii. Tulipofika kwenye pengo tukanyamaza kama kawaida. Mara nikasikia mtu anavumisha sauti ya chini, anaimba kile kipande chako cha kaburini, neno kwa neno. Yule yule mwimbaji wa kwaya. Hakutuangalia, na sisi hatukuthubutu kugeuka. Alipomaliza aliendelea na mahindi yake, kisha akaniambia, "Mwambie shangazi yako nafasi yake ipo."

Nimetembea na maneno hayo hadi leo, moyo mweupe kabisa. Jumapili baada ya ibada tunapiga hapo hapo uani, na Baba mwenyewe ndiye aliyewaalika majirani. Kayamba yako niliitundika sebuleni, mbegu zake hazijamwagika.

Fika salama, Shangazi, na fika mapema. Baba amesema usipokuja ataimba sehemu yako yeye, na sauti ile nimeisikia. Haimfai hata kidogo.

Anayekungoja,
Sidi, binti wa kaka yako